Nimekata vivuli vya wanangu, na mkono wangu ukanidanganya mara mbili

Umeme ulikatika kama saa mbili kasoro robo usiku, mwezi hakuna, na sisi wa huku juu Igogo, hapa Mwanza, umeme ukikatika unachoona kwanza ni ziwa, maana mji wote unazima halafu kule mbali taa za wavuvi wa dagaa zinabaki zimejipanga kama mji mwingine ambao wao hawajui mgao ni nini. Nikawasha tochi ya simu nikaiegemeza kwenye hotpoti juu ya kabati, nikaendelea kuchambua mchele wangu. Mara nasikia kicheko nyuma. Shija wangu, miaka minne, kaupa ukuta ubavu anakitolea ulimi kivuli chake, kivuli nacho kinamtolea, na yeye anaona kabisa kwamba kivuli ndo kimeanza ugomvi.

Nikageuka kumfokea akanawe miguu alale, nikabaki nimeganda na sinia mkononi. Lile paji! Yaani paji la uso la marehemu baba yangu liko pale ukutani, limetokeza mbele kama lile jiwe la juu pale Bismarck, ile miamba ya ziwani, ambalo kila mgeni anauliza mbona halidondoki. Mtoto huyu nimemuogesha miaka minne, nimempiga picha sijui ngapi, sikuwahi kuliona. Kwenye picha mi huwa naangalia macho, meno, kachafuka wapi, shati limekaaje. Kivuli vyote hivyo hakina, kinakuachia mstari tu.

Ndo ilivyoanza. Nikasema nitawachora vivuli wote watatu, nikate kwenye karatasi nyeusi, niweke fremu sebuleni. Na nilikuwa na sababu nyingine, mwaka jana simu iliniponyoka wakati nashuka kwenye kivuko na mizigo, ikaingia majini na picha zote za mapacha tangu wanatambaa, na mi sikuwa mtu wa kuhifadhi vitu huko mtandaoni. Tangu siku hiyo natamani kitu ambacho naweza kukipigilia msumari ukutani nikaenda zangu.

Wenzetu hizi picha wanaziita silueti, na jina lenyewe lina kisa. Étienne de Silhouette alikuwa Mfaransa, mwaka 1759 akapewa kusimamia fedha za serikali ya mfalme Louis wa 15, akadumu miezi kama minane tu. Alibana matumizi, akawagusa matajiri na kodi, watu wakamchoka, jina lake likageuka kuwa neno la kitu chochote cha bei chee. Picha ya kuchorwa kwa rangi ilikuwa ya wenye pesa zao, kivuli cha karatasi kilikuwa cha sisi wengine, basi kikabandikwa jina la waziri bahili. Mi namwonea huruma huyo baba. Humu ndani waziri wa fedha ni mimi, na nina hakika watoto wangu wakikua kuna kitu cha bei rahisi watakiita kwa jina langu.

Manila nyeusi ilinizungusha. Kila duka lina nyeupe, njano na pinki za watoto wa chekechea, nyeusi nikaja kuipata kwenye stesheneri moja karibu na Makoroboi, shilingi elfu moja. Nikacheka peke yangu njiani, kwa sababu mtaa wenyewe umebeba jina la koroboi, vile vitaa vya mafuta ya taa ambavyo mafundi walikuwa wanatengeneza kwa makopo, halafu mi nimekuja pale kutafuta karatasi ya kivuli. Mama mkwe wangu huwa anasema enzi zao kila nyumba ilikuwa na koroboi na kila mtu alikuwa na kivuli kirefu kuliko heshima yake.

Sasa jinsi ya kufanya, kwa anayetaka kujaribu, maana mi nilianza vibaya sana. Nilidhani taa kubwa ndo nzuri, nikavuta waya nikaweka bulbu ile ya sebuleni, kivuli kikatoka kingo zimefifia kama mtu yuko nyuma ya chandarua. Kumbe taa ikiwa pana, kila upande wa taa unatupa kivuli chake na vyote vinapandiana pembeni, mstari unalegea. Tochi ya simu ni kitone kidogo, ndo maana ule usiku niliona mpaka ncha ya ulimi. Halafu umbali. Taa ikae mbali, mtoto awe karibu na ukuta. Mi niliweka simu mita 3 kutoka ukutani na kichwa cha mtoto sentimita 30, hapo kivuli kinazidi kichwa chenyewe kwa sehemu moja ya tisa tu, unapata karibu saizi yake halisi. Ukimuweka katikati ya taa na ukuta kivuli kinakuwa mara mbili na karatasi haikutoshi. Na simu iwe usawa wa sikio la mtoto, sio juu kabatini kama nilivyofanya mimi ule usiku, taa ikitokea juu kidevu kinarefuka kinashuka chini unajikuta umezaa mzee.

Karatasi nyeupe unaibandika ukutani na solotepu, mtoto anakaa ubavu, unafuata kivuli kwa penseli haraka haraka kabla hajakumbuka kwamba ana miguu. Kulwa alitulia. Dotto alitulia kama dakika moja na nusu, ikanitosha. Shija hakuna. Nilimkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikampa biskuti, kosa, maana mtoto anayetafuna hana kidevu kimoja, ana videvu sita. Zamani huko Ulaya walitengeneza kabisa kiti maalum chenye kishikio cha kumzuia mtu kichwa kisicheze, niliona mchoro wake nikatamani.

Na usiku wa pili nilisahau kufunga dirisha. Wanaokaa ziwani wanajua vile vijidudu vinavyoinuka majini kama moshi vikafuata taa. Viliingia vyote. Kila kijidudu na kivuli chake, ukuta mzima unatembea, uso wa Shija una chunusi zinazohama, yeye anapiga makofi kuviua vivuli. Nikazima nikaenda kulala.

Shija nilimaliza kesho yake asubuhi kwa njia nyingine, ambayo kiukweli ndo rahisi, ila haina raha ya usiku. Unamsimamisha ubavu mbele ya dirisha lenye mwanga, wewe uko ndani, simu usawa wa uso wake, unagusa kwenye skrini pale kwenye mwanga wa dirisha na sio usoni, mtoto anakuwa mweusi mwenyewe. Unapiga ishirini, moja itakubali. Nikaenda kuprinti shilingi mia mbili. Michoro ya mapacha nayo nikaipeleka wakanipunguzie kwenye mashine ya fotokopi kwa asilimia 50, maana kichwa cha saizi halisi ukikiweka kwenye fremu kinatisha wageni. Watu wa zamani kazi hiyo ya kupunguza walifanya kwa vijiti vilivyounganishwa, ncha moja inafuata mchoro mkubwa, nyingine inachora mdogo pembeni.

Kukata sasa. Mkasi mdogo wa kucha unafaa kuliko mkubwa, na mkono wa mkasi usizunguke, zungusha karatasi. Anza na pua na midomo, sio shingo, kwa sababu ukiharibu pua mwanzoni umepoteza dakika tano, ukiiharibu mwishoni umepoteza jioni na umemfokea mtoto asiye na kosa. Mchoro ukae upande wa nyuma wa manila ili penseli isionekane, ila kumbuka ukigeuza, mtoto naye anageuka. Mi nilisahau hilo. Nilipanga mapacha waangaliane, wakatoka wamepeana visogo kama wamegombana.

Kwa asiyewajua, Kulwa na Dotto wana miaka minane, wasichana, wanafanana hasa. Na kwa vile wamenyolewa kwa ajili ya shule, hakuna hata nywele ya kukusaidia. Shuleni mwalimu anawatofautisha kwa begi. Bibi yao, mama mzaa baba yao, tangu wamezaliwa anawachanganya, anamwita mmoja wanaitika wote. Mimi nawajua, ila ukiniuliza nawajuaje sina jibu, nawajua tu.

Basi nikakata. Kabla ya kukata, kama kawaida yangu, nikaingia kwenye simu kuangalia mifano, ili nione wenye utaalamu wanafanyaje. Karibu kila silueti ya msichana niliyoiona ina mkia wa farasi na utepe, kope ndefu, kapua kamechongoka kidogo kwa juu. Nzuri, siwezi kukataa. Nikaangalia nyingi. Halafu nikachukua mkasi wangu, nikafanya kazi mpaka saa tano usiku, nikabandika kwenye karatasi nyeupe, nikamwita baba Kulwa.

Akaangalia. Akasogea karibu akaangalia tena. "Huyu nani?"

"Dotto."

"Na huyu?"

"Kulwa."

"Mama Kulwa, hawa sio wanangu. Hawa ni watoto wa kwenye vitabu vya hadithi."

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Mtu unakesha na mkasi wa kucha halafu anakuja mtu ametoka kuangalia mpira anakuambia hivyo. Sikumsemesha mpaka asubuhi. Lakini asubuhi ameshaondoka nikachukua ule mchoro wa penseli nikaulaza juu ya nilichokata, nikauinua dirishani. Mistari haikufuatana. Kila nilipofika puani mkasi ulikuwa umepanda juu, unachonga. Midomo nimeirudisha ndani. Kisogo cha Dotto, ambacho kimetokeza vizuri sana mpaka nilikuwa nakishika nikimnyonyesha, nimekipunguza kikawa duara la kawaida. Wala sikukusudia. Penseli ilikuwa pale pale mbele yangu, mstari wa mwanangu umeandikwa, na mkono ulikuwa unakata mtoto mwingine niliyemwona kwenye simu saa moja kabla.

Hilo lilinikaa. Nilivyoendelea kusoma usiku nikakutana na mchungaji mmoja wa Uswisi, Johann Caspar Lavater, miaka ya 1770 huyu aliandika vitabu vya kufundisha kwamba tabia ya mtu inasomeka kwenye mstari wa uso, na silueti zilikuwa ushahidi wake, ukiwa na paji hivi una akili, pua hivi una roho fulani, na kile kiti cha kuzuia kichwa nilichokitamani kimo humo kwenye vitabu vyake. Waliokuja baadaye wakayabeba mawazo ya namna hiyo wakaenda nayo mbali, wakawa wanapima watu vichwa, kupanga nani yuko juu nani yuko chini, na sisi mnajua tulipangwa wapi. Sisemi mkasi wangu ulisoma vitabu vya huyo mchungaji. Nasema tu kwamba mi mwanamke wa Mwanza nimekaa nyumbani kwangu, hakuna aliyenituma, nimempunguza mwanangu midomo.

Na kuna mwingine niliyekutana naye ndo akanifanya nirudi kukata. Anaitwa Moses Williams, alizaliwa mtumwa huko Marekani, kwenye nyumba ya mchoraji Charles Willson Peale aliyekuwa na jumba la makumbusho Philadelphia. Mwaka 1802 akapata uhuru wake, akawa anakata silueti mle ndani ya makumbusho kwa kutumia kimashine kinachopita usoni kwa mtu, na ndani ya mwaka mmoja tu alikata zaidi ya 8,000. Karatasi anaikunja mara mbili ili akate nne kwa mpigo, anatoa kichwa katikati, anachompa mteja ni karatasi yenye tundu na nyuma yake unaweka kitu cheusi. Vile vichwa vilivyotolewa vilikuwa vinabaki tu kama takataka, vikajaa kwenye mapipa. Ipo silueti inayomwonyesha yeye mwenyewe, nywele zinaonekana za kulala, na watu wa historia mpaka leo wanabishana nani aliikata na kwa nini nywele ziko vile. Hiyo picha niliiangalia kuliko zote.

Nikachukua manila iliyobaki. Nikaizima simu, sio kwamba nimekuwa mtakatifu, chaji iliisha. Nikakata Kulwa upya, safari hii mkasi unafuata penseli hata pale ambapo roho inaniambia hapana hapa umezidisha, na alipotoka nikajua mara moja ni yeye, nikapata na kaaibu fulani. Halafu Dotto. Nikafika mdomo wa juu nikaona huu mchoro una makosa, mbona mdomo umerudi ndani kuliko wa Kulwa, nikasema mtoto alicheza wakati nachora, nikaurekebisha ulingane na wa dada yake.

Mnaona? Mara ya pili hiyo. Nimetoka tu kujilaumu na nimerudia.

Kilichonistua ni Dotto mwenyewe. Alitoka shule akaziona mezani akasema, "Mama, umekata Kulwa wawili." Nikamkalisha tena kwenye ndoo, nikafunga dirisha na pazia, nikawasha tochi, nikachora upya. Mdomo umerudi ndani vile vile. Nikamwita Kulwa nikachora naye tena, nikalaza mchoro juu ya mchoro. Paji moja, pua moja, kisogo kimoja, mpaka unafika mdomo wa juu hapo mistari inaachana kama milimita mbili tatu hivi. Na jibu nilikuwa nalo miaka yote. Kulwa amenyonya kidole gumba mpaka mwaka jana tu, nimempaka pilipili, nimempaka shubiri, kidole kikamsukuma meno ya juu mbele na mdomo ukafuata. Dotto hajawahi kunyonya. Hiyo ndo tofauti yao nzima, na ndo nilikuwa naifuta kwa mkasi.

Wametoka vizuri sasa. Fremu ni za fundi wa mtaani, mbao nyembamba, kioo kimoja kina mkwaruzo. Gundi ya kwanza nilipika uji wa ngano nikajiona mjanja, mende wakala kona ya Shija usiku mmoja, nikanunua gundi ya dukani. Kope sikuweka kwa mtu yeyote. Dotto alilia kidogo, alitaka nimkate na rasta zake za Krismasi ili watu wajue ni msichana, nikamwambia likizo ikifika na nywele zikiota utakatwa nyingine na rasta zako, hii ni ya darasa la pili. Akakubali kwa sharti kwamba yake itundikwe juu kuliko ya Kulwa. Imetundikwa juu, sentimita moja, aliipima na rula.

Wiki iliyopita mama mkwe akaja kutoka Magu na michembe yake, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kiroba. Kasalimiwa, kakaa, kanywa maji, akaziona. Sikuwa nimeandika majina. Kwanza alinuna, akasema mbona umewapaka weusi namna hii kama wamepitiwa na moto, nikamweleza. Akainuka taratibu na mkongojo wake akasogea ukutani. Akanyoosha kidole. "Huyu Shija, kabeba kichwa cha babu yake wa kwenu." Nikaitikia. "Huyu Kulwa. Huyu wa juu Dotto."

Baba Kulwa akaniangalia, nikamwangalia.

"Mama, umewajuaje?"

"Mnyonya kidole simjui?" akasema, kama vile swali langu ndo la ajabu, akarudi kukaa. Halafu akamwita Dotto aliyekuwa amesimama pale pale mlangoni. "We Kulwa, hebu niletee maji mengine."

Dotto hakubisha. Akageuka akampa bibi yake ubavu, kidevu juu, katulia kuliko nilivyowahi kumwona akitulia kwenye ile ndoo.

"Aah," bibi akasema. "Dotto. Niletee maji."